Kosa Lilifanyika Makutano

Dereva hana lawama. Aliambiwa Musoma kwanza, akashika ya Musoma. Ilikuwa ndiyo kwanza saa nne asubuhi, lakini ziara yetu ya siku moja, ya makumbusho, kazi za mikono na vyakula vya Mara, ikawa imeshaharibika. Mliokuwemo kwenye Kosta mnakumbuka: hakuna aliyehoji.

Pale Makutano, njia zinapogawanyika, ningekata kwenda Butiama, na wala sisemi hivyo kwa sababu ya kilomita. Kisa chenyewe kinajulikana. Kambarage, ndiye Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito, anatoka Butiama mwaka 1934 kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma. Simulizi husema Chifu Makongoro wa Ikizu, huko Bunda, alicheza bao na kijana huyo, akaona kichwa alicho nacho, akamshauri baba yake ampeleke shule. Barabara imekwisha kujipanga yenyewe: Bunda, Butiama, Musoma. Waandaaji wakaipindua. Tukaonyeshwa shule kabla ya kuona boma alikotoka mwanafunzi. Mwongozaji alieleza vizuri mno habari za safari ile ya mtoto, na nusu ya wageni walikuwa kwenye simu zao, maana Butiama kwao bado ilikuwa jina tu.

Adhabu ikaja jioni, tulipofika Butiama. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa Julai 2, 1999, miezi mitatu na siku chache kabla hajafariki, na hayapitiki mbiombio. Ndani mna zawadi alizopewa akiwa Rais, mna na vifaa vya Wazanaki, watu wake; lazima uende huku urudi kule ndipo mtu yule akukae kichwani. Sisi tulipewa muda usiotimia saa moja, kaburi lake la Mwitongo likiwemo humo humo. Waliochelewa kaburini wakipiga picha hawakuingia ndani kabisa.

Najua utetezi wao: kizito huwekwa mwisho. Hiyo waachiwe wapanga matamasha. Makumbusho yanataka macho ya asubuhi.

Padri David Clement, yule Mkanada aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, asingelifanya kosa hili la kusimulia kabla ya kuonyesha. Kule Kisesa aliacha banda lenye umbo la kigoda cha mtemi, na ngoma za Bagika na Bagalu zinachezwa, hazisimuliwi tu. Nimeshalisema hili mara nyingi na najua mmechoka kulisikia. Lakini tazameni duka tulilopelekwa: vinyago vya Kimakonde na picha za Tingatinga, mkoani Mara! Litungu la Wakurya lilining'inia ukutani siku nzima, hakuna aliyeombwa hata kuligusa nyuzi. Vibuyu na vyungu vilikuwa safi.

Chakula hakikuwa na kasoro. Sato wa Mwigobero alikuwa wa ziwani kweli, na ugali wa mtama ulisongwa na mtu anayejua. Ila ni nani mwenye njaa ya sato mzima saa tano asubuhi, chai ya Bunda ikiwa bado tumboni? Tungeanzia Butiama, tungefika ziwani saa nane tukiwa na njaa ya haki. Badala yake sahani zilirudi jikoni na nusu ya samaki, na saa mbili usiku Kosta nzima ilisimama Bunda kununua chipsi mayai.