Bundi, Paka na Jicho la Edward Lear

Mwaka 1830 kijana wa Kiingereza, mwenye umri wa miaka 18, alianza kuchora kasuku katika bustani ya wanyama ya London. Wachoraji wengi wa zama zile walitumia ndege waliokufa na kujazwa pamba. Edward Lear aliwataka walio hai. Aliwapima mabawa na miguu, akatazama wanavyoinamisha vichwa na kukamata tawi kwa kucha, kisha akawachora kwa mkono wake juu ya mawe ya kuchapia. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilikuwa na picha 42.

Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa mashairi ya mzaha kwa watoto, na ufundi aliotumia ni uleule.

Chukua shairi la bundi na paka, alilomtungia mwaka 1867 binti mdogo mgonjwa wa rafiki yake. Wapenzi hao wanasafiri baharini wakiwa na asali na fedha, bundi akipiga gitaa. Baada ya mwaka na siku moja wanakutana msituni na nguruwe, anawauzia pete iliyo puani mwake, bata mzinga anawaozesha, nao wanacheza chini ya mwezi.

Hapo kwenye pete ndipo ninapompa Lear heshima yote. Wafugaji wa Uingereza waliwatia nguruwe pete puani ili wasifukue ardhi. Kwa hiyo pete haikubuniwa. Ilikuwapo tayari, kila mtoto wa shamba akiiona. Lear aliihamisha tu, kutoka puani hadi harusini. Hata wachumba wenyewe hakuwaokota ovyo: wote wawili ni wawindaji wa usiku, na ndiyo maana kucheza kwao chini ya mwezi kunakubalika mara moja.

Katika ngano zetu sungura ni ujanja na fisi ni ulafi. Mnyama hubeba sifa ya binadamu na mafunzo yake. Bundi wa Lear habebi funzo lolote. Ni bundi aliyependa, basi, na vina na mizani vinamshikilia imara hata msikilizaji asiulize kwa nini.

Anayetaka kuwatungia watoto mzaha wa kudumu na amtazame mnyama kwanza, kwa subira, mpaka amjue. Uhuru wa kumbadili huja baadaye.