Fanani Asiye na Jina: Uhakiki wa Sauti za Kairo, 1944

Masimulizi mengi ya historia ya muziki wa elektroniki huanzia Paris mwaka 1948, Pierre Schaeffer alipotunga kipande kwa kutumia milio ya garimoshi. Baadaye huja Robert Moog wa Marekani na sintesaiza yake ya 1964. Ukifuata mfululizo huo utadhani kwamba Afrika ilipokea tu vilivyokwisha buniwa kwingine.

Ukweli ni tofauti. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Kimisri, aliazima kinasa sauti katika kituo cha redio mjini Kairo. Chombo hicho kizito kilihifadhi sauti kwenye waya mwembamba wa chuma. Akaenda nacho kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo, ambayo kwa Waswahili inakaribiana na kupunga pepo. Aliporudi studioni aliipitisha sauti ile katika mwangwi, akapunguza baadhi ya sehemu zake, kisha akainasa upya. Kipande cha dakika mbili hivi kilitolewa katika CD mwaka 2000.

Nimekisikiliza mara nyingi. Maneno yamefutika, kilichobaki ni mvumo unaopanda na kushuka, kama watu wanaoimba nyuma ya ukuta mnene. Hapa ndipo ninapomsifu El-Dabh. Wengine walikitumia kinasa sauti kuhifadhi; yeye alikitumia kutunga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: nafasi yake ni kabla ya Paris.

Hata hivyo, haki hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nisite. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunafundishwa kwamba fanani hatenganishwi na utendaji wake. Garimoshi la Schaeffer halidai jina. Mwanamke anayeimba analo. Jina la awali la kazi ya El-Dabh liliitaja zaar, lakini kipande kilichomo katika CD kimeitwa kwa jina la mashine, yaani kinasa sauti cha waya. Tunafurahi kwamba Mwafrika alitangulia, huku tukiwasahau Waafrika waliotoa sauti yenyewe.

Huenda msomaji akasema kwamba zaar ni jambo la faragha na kuwataja wanawake wale kungewaumbua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kumsitiri mtu ni tofauti na kumsahau. Anayesitiri husema wazi kwamba kuna mtu hapa na amefichwa kwa sababu fulani. Anayesahau hasemi lolote.

Naandika haya nikijua kwamba nami nina doa. Likizo iliyopita nilimrekodi bibi yangu kwa simu akinitambia hadithi kwa ajili ya kazi ya darasani. Nilikata kikohozi chake, nikakata vicheko vya wajukuu, yaani hadhira yenyewe, kisha nikaihifadhi sauti kwa jina la "Data ya Tatu". Kazi ilipata alama nzuri. Nilipomchezea bibi rekodi ile, aliniuliza, "Watoto wamekwenda wapi?"

Swali lake ndilo ningeliweka mbele ya kazi ya El-Dabh. Kuisafisha sauti ni sanaa, na El-Dabh aliimudu mapema kuliko wengi. Kazi ya mhakiki ni kuuliza ni nani aliyeondoka pamoja na kilichosafishwa.