Programu Inayojua Kwake

Upo ufundi mmoja katika uandishi wa programu ambao mtumiaji hauoni kamwe, nami nauheshimu kuliko mingi inayosifiwa: kuiwezesha programu ipate faili zake yenyewe, ziwe picha, violezo au orodha za maneno, popote itakapoendeshwa.

Anayeanza huandika tu "data/maneno.txt", na kwenye kompyuta yake mambo huenda sawa. Lakini faili hiyo haitafutwi pale programu inapokaa. Hutafutwa katika folda aliyokuwamo yule aliyeiita. Ni kama mgeni anayeulizwa kwao ni wapi, naye akaonyesha kiti alichokalia. Cron, kipanga-ratiba cha mifumo ya Unix, ikiiamsha programu usiku, huiamshia katika folda ya nyumbani ya mtumiaji. Systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, kwa huduma za mfumo, huianzishia kwenye mzizi, yaani "/". Faili haijasogea hata kidogo, ila programu inaikosa na kufa.

Fundi huanzia kwingine. Katika Python huuliza __file__, inayotaja moduli yenyewe ilisomwa kutoka wapi, kisha hujenga njia ya faili kuanzia hapo. Kwenye Linux ipo /proc/self/exe, inayoelekeza kwenye faili ya programu inayoendeshwa. Kwenye macOS programu husafiri na mali yake yote ndani ya kifurushi kimoja, mpango uliorithiwa kutoka NeXTSTEP.

Uzuri wenyewe, kwangu, huanza pale njia inapokosekana kabisa. Python huweza kupakia moduli zilizomo ndani ya faili ya zip. Humo __file__ bado hutoa jibu linalofanana na njia, lakini ukijaribu kuifungua hufiki popote, kwa kuwa mfumo wa uendeshaji huiona zip kama faili moja tu, si folda. Java ilikutana na hali hii mapema kwa sababu ya faili zake za JAR, ambazo nazo ni zip, ndiyo maana getResourceAsStream haikupi njia, hukupa yaliyomo. Python ikaja na importlib.resources katika toleo la 3.7, mwaka 2018: taja kifurushi, taja jina la faili, upewe maandishi. Swali la "iko wapi?" likaachwa, na kwangu hiyo ni hatua kubwa ya fikra. Go, katika toleo la 1.16 la mwaka 2021, ikaruhusu faili zipachikwe ndani ya programu yenyewe inapoundwa.

Nikipewa kazi ya mwenzangu kuikagua, huisakinisha, nikahamia /tmp, nikaiita kutoka huko. Ikifunguka na picha zake zote, ndipo naanza kusoma msimbo.