Anwani za Frances: Jinsi Filamu ya Mwanagenzi wa Densi Ilivyojengwa

Anayeitazama Frances Ha kwa mara ya kwanza hudhani imeokotwa mtaani. Watu wanadakizana maneno, vyombo havijaoshwa, binti anakimbia barabarani na kamera imebahatika kuwa karibu. Ukirudia kuitazama, bahati hiyo huioni tena. Filamu hii ya dakika 86, iliyoongozwa na Noah Baumbach na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 katika tamasha la Telluride, Marekani, ilipangwa kwa nidhamu ambayo mtunzi wa densi huwapangia wachezaji wake: mguu huu hapa, pumzi hii pale, rudieni tangu mwanzo. Naichambua kwa sababu vijana wetu wengi wanaotengeneza filamu wanaupenda wepesi wake, na wanapotaka kuuiga huanza kwa kutafuta kamera. Wenyewe walioitengeneza walianza na maandishi.

Kisa chenyewe ni cha kawaida sana. Frances Halladay ana miaka 27, anaishi New York, na ni mwanagenzi katika kikundi cha densi ya kisasa. Hajawa mchezaji kamili wa kikundi. Anafundisha watoto, anasubiri mtu aumwe ili apate nafasi, na anategemea onyesho la Krismasi limpatie kodi ya nyumba. Rafiki yake Sophie, anayeishi naye Brooklyn, anaamua kuhamia Tribeca na mtu mwingine. Tangu hapo Frances anahama, anahama tena, na filamu inamfuata. Hakuna mhalifu, wala mapenzi makubwa ya kuokoa hadithi. Je, kisa cha namna hii kinawezaje kumshika mtazamaji kwa karibu saa moja na nusu?

Jibu la kwanza liko kwenye skrini, limeandikwa kwa herufi. Kila Frances anapopata mahali pa kulala, tunaoneshwa anwani ya mahali hapo, na anwani hizo ndizo sura za hadithi: Vanderbilt huko Brooklyn, Catherine Street katika Chinatown, nyumbani kwa wazazi Sacramento, Paris kwa siku mbili, Poughkeepsie, kisha Washington Heights. Huu ni uamuzi wa kiufundi wenye akili nyingi. Maisha ya msanii kijana katika mji mkubwa hayana ngazi zinazoonekana. Mwaka mzima unaweza kupita bila tukio unaloweza kumsimulia mama yako kwa simu. Lakini kodi ya nyumba ina tarehe. Kuhama kuna masanduku, funguo na mwenyeji mpya. Gerwig na Baumbach walitambua kwamba kwa mtu wa aina ya Frances swali la "unakaa wapi sasa?" limebeba ndani yake maswali mengine yote: unalipwa na nani, unampenda nani, na kikundi kimekuchukua au bado. Basi wakaliacha swali hilo moja liendeshe filamu nzima.

Nimemtaja Gerwig. Greta Gerwig ndiye anayemwigiza Frances, na ndiye aliyeandika skripti pamoja na Baumbach. Wengi hudhani mazungumzo ya filamu hii yalibuniwa papo hapo mbele ya kamera, kwa jinsi yalivyojaa kusitasita na sentensi zinazokatika njiani. Waandishi wenyewe wamelieleza jambo hili wazi: maneno yaliandikwa, na waigizaji waliyafuata kama yalivyo kwenye karatasi. Tena walirudia teki nyingi, nyingi kuliko ilivyo desturi kwa filamu ya bajeti ndogo. Hapo ndipo kamera ndogo waliyoitumia ilipokuwa na faida. Vifaa vikiwa vichache na watu wakiwa wachache, muda ambao ungeliwa na kupanga taa na reli unabaki kwa mwigizaji. Baumbach aliutumia muda huo kurudia.

Sasa tuingie kwenye kamera, maana hapa pana somo ambalo sijaliona likielezwa vya kutosha kwa Kiswahili.

Mpigapicha mkuu, Sam Levy, alitumia Canon EOS 5D Mark II. Kamera hii ilitoka mwaka 2008 kwa ajili ya picha za mnato, na wapigapicha wa harusi wa Dar es Salaam na Nairobi waliijua vizuri. Ina kihisi cha mwanga kikubwa, chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani ya milimita 35, kwa hiyo inaona vizuri mahali penye mwanga hafifu. Chumba cha kupanga chenye taa moja mezani kinapigika. Barabara ya usiku inapigika. Kubwa zaidi, mtu akikuona nayo barabarani anadhani ni mtalii, anapita zake. Kwa filamu inayotembea mara nyingi kwenye mitaa yenye watu, hilo pekee linatosha kuichagua.

Lakini upande wa video kamera hii ina kasoro ambazo kila aliyeitumia anazijua. Inaikandamiza picha sana kabla ya kuihifadhi. Katika kila mraba wa pikseli nne, inaandika mwangaza wa pikseli zote nne, ila rangi inaiandika mara moja tu kwa zote nne kwa pamoja. Yaani robo tatu ya habari za rangi inatupwa kabla hujafika kwenye kompyuta ya kuhariri. Ndiyo maana video za kamera hizi, ukijaribu kuzirekebisha rangi kwa nguvu, ngozi inageuka kuwa kama nta na kingo za nguo nyekundu zinavuja.

Sasa fikiria unaamua filamu iwe nyeusi na nyeupe. Kilichotupwa ni rangi, na wewe rangi huitaki. Kilichobaki kamili ni mwangaza, na picha nyeusi na nyeupe haihitaji kingine. Udhaifu mkubwa wa kamera unafutika kwa uamuzi mmoja. Watu husema Baumbach aliondoa rangi ili kuikumbuka Manhattan ya Woody Allen ya mwaka 1979, iliyopigwa na Gordon Willis, pamoja na filamu za vijana wa Ufaransa wa miaka ya 1960. Ni kweli, heshima hiyo imo, na muziki wa Georges Delerue, mtunzi aliyefanya kazi na François Truffaut, unaithibitisha. Mimi naona pia akili ya fundi hapo: chombo na mtindo vimechaguliwa vikasaidiana. Levy alishirikiana na Pascal Dangin katika kuupata mwonekano wa mwisho, na kazi yao inaonekana kwenye rangi za kijivu: nyuso ni laini, koti jeusi bado lina mikunjo, na dirisha lenye jua halijaungua likawa tundu jeupe.

Hata hivyo mtindo huu hauponyi kila kitu. Kamera hiyo huandika ngazi 256 tu za mwangaza, na bila rangi ya kuficha, ukuta mtupu wenye mwanga unaofifia polepole unaweza kuonyesha mistari kama ya ngazi. Anayetaka kuijaribu njia hii awe na kitu ukutani, pazia, rafu, kivuli, na asiegemee anga tupu.

Kasoro nyingine inatupeleka kwenye tukio ambalo kila mtu analikumbuka. Kihisi cha kamera hii hakiisomi picha yote kwa mara moja. Kinasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kamera ikizungushwa haraka, nguzo ya taa iliyosimama wima huinama. Sasa Frances amepata chumba Catherine Street, anakaa na vijana wawili, Lev na Benji, na kwa furaha anakimbia katika mitaa ya Chinatown huku wimbo wa David Bowie, Modern Love wa mwaka 1983, ukipigwa. Anakimbia, anazunguka, anaruka, anakwepa watu. Kamera inakwenda naye sambamba, kwa mwendo wake, kwa hiyo yeye anakaa palepale kwenye fremu na mji ndio unaopita. Milango na nguzo za nyuma zikiinama, jicho lako haliko huko. Liko kwenye magoti yake.

Wapenzi wa sinema walilitambua tukio hilo mara moja. Mwaka 1986 Leos Carax alimkimbiza mwigizaji Denis Lavant usiku kwa wimbo huohuo katika filamu ya Mauvais Sang. Wapo wanaoliita la Frances nakala. Siafiki. Lavant anakimbia kama mtu aliyechomwa na mapenzi, anajipiga tumbo, mwili unamtoka. Frances anakimbia mchana kweupe kwa sababu amepata pa kulala. Zaidi ya hapo, hili ndilo tukio ambalo anacheza vizuri kuliko mengine yote ya filamu, na hakuna mwalimu anayemtazama. Kwenye chumba cha mazoezi kamera inamwonyesha akiwa mmoja wa wengi, mwili mkubwa kidogo, hatua inachelewa kidogo. Barabarani anaonyeshwa mwili mzima, kichwa hadi miguu, bila kukatwakatwa. Kwa tofauti hiyo ya fremu mwongozaji ametuambia kipaji cha Frances kiko wapi, na hakuna mhusika aliyehitaji kukitaja.

Mbinu hii ya kuuficha udansi ndani ya mwili wa kila siku inarudi mara nyingi. Mwanzoni Frances na Sophie wanapigana kwa mchezo bustanini. Wanajuana, kila mmoja anajua mkono wa mwenzake utatua wapi. Baadaye, akiwa amehifadhiwa kwa muda na Rachel, mwenzake wa kikundi, anajaribu mchezo uleule. Rachel anakereka. Hatua ni zilezile, mwenzi ndiye aliyebadilika, na upweke wote wa Frances unaonekana katika sekunde chache. Vilevile siku aliyopata marejesho ya kodi anamkaribisha Lev chakula, kadi yake haifai mgahawani, na anatoka kutafuta mashine ya kutolea pesa. Anasita mbele ya mashine kwa sababu ya makato ya dola 3. Anakimbia kurudi, anaanguka, anafika mezani mkono unavuja damu. Mwalimu wa uandishi angeweza kujaza kurasa tatu kueleza umaskini wa msanii. Hapa makato ya dola 3 na mkono uliochubuka vimemaliza.

Uhariri wa Jennifer Lame unafuata hesabu ileile. Matukio mengi ni mafupi mno, yanakatwa kabla hayajatulia, na dakika za mwanzo zinatupa urafiki mzima wa Frances na Sophie kwa vipande vidogo vidogo: wanasoma, wanavuta sigara, wanalala. Kasi hiyo inapungua kwa makusudi Paris. Frances, asiye na pesa, amekwenda huko kwa mkopo wa kadi kwa siku mbili. Anapitiwa na usingizi, anampigia simu rafiki asiyepokea, anatembea peke yake. Ni sehemu ambayo karibu hakuna kinachotokea, na ndiyo sehemu inayouma. Rafiki anapiga simu kumwalika chakula Frances akiwa tayari anaondoka.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Sacramento wazazi wanamtunza kweli, na wazazi hao wa kwenye filamu ni wazazi halisi wa Gerwig, mzaliwa wa mji huo. Sehemu hii haidumu, nayo inafaa isidumu.

Kilichobaki ni jinsi walivyoumaliza mkasa. Colleen, mkuu wa kikundi, anampa Frances kazi ya ofisini na kumhimiza atunge densi zake mwenyewe. Anakataa kwa kiburi, anadanganya kwamba ana mpango mwingine, na mpango wenyewe ni kurudi chuo alichosoma, Poughkeepsie, kuhudumu mezani na kuwaangalia wanafunzi mabwenini. Baadaye anaikubali kazi ileile ya ofisini, na jioni anatunga. Onyesho lake dogo linahudhuriwa na watu wengi tuliowaona kwenye anwani za nyuma. Hakuwa mchezaji wa kikundi, na filamu haijifanyi kwamba amekuwa. Ni mtunzi, ana mshahara, ana chumba. Naliona hili kuwa jambo la uaminifu zaidi katika skripti nzima, maana filamu nyingi za densi zingemtafutia muujiza usiku wa onyesho.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayetaka kutengeneza filamu kuhusu binti aliyehitimu chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, akaja Dar es Salaam kutafuta kikundi: kamera iliyopo mkononi mwa rafiki yako inatosha, na pengine ni bora kuliko ile aliyotumia Levy. Kaa kwanza uandike anwani zake. Alianzia kwa shangazi, akahamia chumba cha kuchangia, akafukuzwa na mwenye nyumba, akalala studio. Andika kila alichosema katika kila mlango, mpaka nukta ya mwisho. Kisha waite waigizaji warudie, warudie tena, na wasiongeze neno.