Kalipa ya Breki: Tafsiri Isiyopita Gereji

Hivi karibuni nilipewa kuhakiki tafsiri ya kijitabu kinachowafundisha madereva na mafundi wanafunzi namna ya kukagua na kubadilisha kalipa za breki. Sarufi yake haina dosari kubwa, na maonyo muhimu yamehifadhiwa: gari likalishwe juu ya stendi, lisiachiwe jeki peke yake, na kalipa iliyofunguliwa isiachwe ikining'inia kwenye mpira wake. Kwa hayo mfasiri anastahili sifa. Lakini istilahi zake tatu zaweza kumpoteza msomaji, na katika breki kupotea ni hatari ya maisha.

Ya kwanza ni kalipa yenyewe. Mfasiri ameiita "kipimio cha breki". Hapana shaka kamusi ilimpa jina la chombo kile cha kupimia unene kinachotumika katika karakana na maabara. Kalipa ya breki haipimi kitu. Huikumbatia diski kwa pande mbili. Dereva akikanyaga breki, pistoni iliyo ndani yake husukumwa na kuzibana pedi juu ya diski. Mwanafunzi aliyeambiwa akague kipimio atatafuta saa kwenye dashibodi, na pistoni iliyokwama au mpira unaovuja hataiona. Mafundi husema kalipa. Tulishike neno hilo, tuongeze "ya breki" ili litengane na kalipa ya kupimia.

Ya pili ni agizo kwamba "breki zitolewe damu". Hapa neno limefasiriwa, maana imeachwa. Kinachotolewa ni hewa iliyoingia mpira ulipofunguliwa. Hewa hushindilika, kwa hiyo kanyagio huwa laini na breki hazishiki. Gereji zetu zina msemo wake: kutoa upepo. Lau mfasiri angeuliza, angefahamu pia kwa nini skrubu ya kutolea upepo sharti ikae juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, skrubu huja chini, na upepo hubaki ndani. Onyo hilo amelidondosha, yamkini kwa kutolielewa.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: "ongeza mafuta". Mafuta gani? Kwetu petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, ya injini ni mafuta, na ya kupikia pia. Mafuta ya injini yakimiminwa katika breki huvimbisha mipira ya ndani, na breki huharibika. Yafaa iandikwe "mafuta ya breki" kila mara, bila kufupisha, pamoja na aina iliyotajwa kwenye kifuniko cha chombo chake, mathalani DOT 3 au DOT 4.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya gereji hayana hadhi ya kuingia kitabuni. Lakini hadhi ya istilahi ni kumfikisha msomaji kwenye kitu kimoja tu, bila kubahatisha. Neno ambalo fundi analo tayari, na halimchanganyi, limekwisha kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo nashauri tafsiri za aina hii zisipigwe chapa kabla hazijasomwa kwa sauti mbele ya fundi aliyeshika spana. Atakapouliza, "Hicho ndicho nini?", mfasiri na ajue kwamba kazi yake bado haijaisha.