Lugha ndani ya muziki: Nketia wa Legon na msomaji wa Kiswahili

Miongoni mwa vitabu vinavyotumiwa na wanafunzi wa muziki katika vyuo vikuu, The Music of Africa cha J. H. Kwabena Nketia, kilichotolewa mwaka 1974, kina fadhila ambayo wanamuziki wenyewe hawaitaji mara nyingi: mwandishi wake aliingia katika taaluma hiyo kwa mlango wa lugha. Nketia, aliyezaliwa Mampong katika nchi ya Waashanti mwaka 1921 na kufariki mwaka 2019, alikwenda London mwaka 1944 kusoma isimu katika chuo cha SOAS, ambako pia alifundisha Kitwi. Masomo yake ya muziki huko yalifuata baadaye. Kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya mbolezi za Waakan kimebeba uzito wake katika maneno: marehemu ni nani, mababu zake ni akina nani, makao yao ni wapi, na mwombolezaji anatuma ujumbe gani kwa waliotangulia.

Mwelekeo huo ulitia alama yake Legon. Chuo Kikuu cha Ghana, kilichoanza mwaka 1948 na kupata hadhi kamili mwaka 1961, kilifungua Shule ya Muziki na Drama mwaka 1962, na mwaka huohuo kikaundwa kikundi cha ngoma kilichokaa palepale chuoni. Mafundi wa ngoma wasio na shahada waliletwa kuwafundisha wanaoitafuta shahada. Si jambo dogo, maana chuo kikuu cha umma hupenda kumpima mtu kwa karatasi aliyo nayo mkononi. Na aliyejifunza atumpan kwa fundi wa namna hiyo hakuweza kuishia kwenye mapigo. Ngoma hizo ni mbili, moja ya sauti ya juu na nyingine ya chini, nazo huigiza toni za Kitwi. Asiyeijua lugha huzipiga bila kusema kitu.

Sura ya The Music of Africa ihusuyo usemi na mahadhi ndiyo inayomgusa zaidi mwanaisimu. Katika Kitwi, neno papa likitamkwa kwa toni mbili za juu lina maana ya wema. Toni ya chini ikifuatwa na ya juu, ni baba. Zote mbili zikiwa za chini, ni pepeo la mkononi. Mtunzi wa wimbo katika lugha kama hiyo hapandishi na kushusha sauti apendavyo. Hata hivyo kanuni hii ni rahisi kuchukuliwa kwa ukali usiostahili. Kofi Agawu, katika makala yake ya mwaka 1988 juu ya Waewe wa kaskazini, alionyesha kwamba mahadhi huisikiliza toni bila kuwa mtumwa wake, kwa kuwa yana sheria zake yenyewe. Yafaa sura ya Nketia isomwe pamoja na makala hayo.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapobaki na njaa. Kiswahili hakina toni ya kutofautisha maneno. Kina mkazo, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mifano ya mkazo kubadili maana ni michache, na ule wa barabara umekwisha chakaa madarasani: mkazo kwenye ra ya kwanza, ni sawasawa, kwenye ba ya pili, ni njia ya magari. Kwa hiyo mwimbaji wa Kiswahili anao uhuru ambao Mwakan hana. Aweza kuivuta silabi ya mwisho ya analala mpaka pumzi imwishie, kinyume cha mkazo wa usemi, wala hakuna atakayekosa kumwelewa. Basi ni nini kinachoyaongoza mahadhi yake? Kitabu hakijibu. Tena, kwa kuwa kimeelekezwa kwenye muziki wa jadi, gitaa la miji ya migodi halina kikao ndani yake.

Gitaa hilo lilipata mchambuzi kwingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na kati ya mwaka 1961 na 1962 David Rycroft akachapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa sehemu mbili juu ya upigaji wake. Ni kazi ya subira, inayofuatilia kidole gumba na kidole cha shahada katika kila pigo. Lakini kichwa cha makala chatangaza wazi kwamba gitaa ndilo linalochunguzwa, na aliyetaka kujua Kiswahili cha Mwenda kinakaaje juu ya gitaa lake hutoka na machache. Ajabu ni kwamba Rycroft alikuwa mwalimu wa Kizulu, katika chuo kilekile alikosomea Nketia.

Lakini idara za Kiswahili hazina haki ya kuwacheka wanamuziki, kwa maana zina nusu yao ya kosa. Wimbo wa Katanga ukifika darasani hufika umekwisha kuwa shairi la kwenye karatasi: huhesabiwa mizani, hutafutwa vina, na visipoonekana huambiwa una kasoro. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyechapisha sheria za utunzi mwaka 1954 na ambaye jina lake hutajwa kila mara kuzitetea sheria hizo, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Sharti hilo ndilo linaloachwa mlangoni.

Chukua neno moja tu. Wa Lubumbashi husema mutoto, mutu, mukubwa. Mnakili mwenye bidii huyasahihisha kuwa mtoto, mtu, mkubwa. Hesabu ya mizani haiharibiki, kwani m ni silabi kamili, na katika mtu hata mkazo huishika. Kinachoharibika ni sauti. M hutamkwa kwa midomo iliyofungwa. Mu ina irabu, na irabu hufungua kinywa na kubeba nota ndefu hadi nyuma ya ukumbi. Anayeiondoa u hiyo kwa ajili ya usanifu ameuondoa wimbo mahali ulipokuwa umesimama, na kisha huandika katika ukurasa unaofuata kwamba mahadhi hayalingani na maneno.

Tangu mwaka 1971, ulipoletwa Lubumbashi ufundishaji wa fasihi na isimu wa chuo kikuu cha taifa, wengi wa waliopita katika madarasa hayo walizaliwa na lugha za toni: Kiluba, Kisanga, Kibemba. Wana sikio ambalo msomi wa London hulitafuta kwa miaka. Kazi inayowafaa yaweza kuanza na nyimbo kumi za zamani, zilizonakiliwa kama zilivyoimbwa, juu ya kila silabi pakiwekwa urefu wake na chini yake mkazo wa usemi. Kisha mwimbaji ambaye Kiluba ni lugha yake ya nyumbani aombwe kuuimba mstari uleule mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, na pazingatiwe ni wapi mahadhi yanakataa kufuata.