Njia Mbili za Ukindu

Sehemu kubwa ya mkeka huamuliwa kabla mkeka haujawapo. Ukindu umekatwa ungali mchanga, umeanikwa, umechanwa kwa upana mmoja, na baadhi ya chane zimechemshwa kwenye rangi: zambarau, kijani, nyekundu. Msusi anaketi, anapanga chane zake, anaanza ukili, yaani utepe wa kusukwa. Ukili ungali mfupi kama kidole, lakini uchane mwekundu aliouweka wa tatu kutoka kulia umeshapewa njia yake: utakwenda mshazari hadi ukingoni, utakunjwa, utarudi mshazari hadi ukingo wa pili, utakunjwa tena. Akiweka chane mbili za rangi zikitokea pande mbili, zitapishana katikati na kuachana, na macho yataona mfululizo wa almasi. Akiusogeza uchane mmoja hatua moja tu, almasi zinahama katikati na upande mmoja wa ukili unaonekana mzito kuliko mwingine.

Mimi si mwalimu wa hisabati. Napenda namba bila kulipwa, na katika wilaya za Handeni na Korogwe mtu wa namna hiyo hakosi pa kuangalia. Lakini ni ususi ulionifanya nianze kuchora kwenye daftari.

Utepe wowote wenye pambo linalojirudia, uwe ukili wa mkeka au taraza ya kofia, una aina saba tu za ulinganifu. Pambo linaweza kusogea mbele bila kubadilika. Linaweza kusogea huku likigeuka upande, kama nyayo za mtu mchangani: kulia, kushoto, kulia. Linaweza kuwa na kioo kilichosimama, au kilicholala katikati ya utepe, au kuzungushwa nusu duara na kubaki lile lile. Na namna hizi zinaweza kuungana. Ukizipanga zote zinazowezekana unafika saba, na ya nane haipo popote duniani. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Msumbiji hadi kifo chake mwaka 2014, aliwatazama wasusi wa Inhambane na mikoba yao iitwayo sipatsi. Alizikuta aina zote saba kwenye mikoba hiyo. Wasusi wale walifika mwisho wa orodha kwa vidole, bila kujua kwamba kuna orodha.

Ukili ukishonwa ukili kwa ukili ukawa mkeka, hesabu inapanuka. Pambo sasa linajirudia pande mbili, kwa urefu na kwa upana, na aina zinakuwa 17. Mrusi Fedorov alilithibitisha jambo hilo mwaka 1891. Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu mkeka hauwezi kuzibeba zote. Tano kati ya zile 17 zinadai pambo liweze kuzungushwa theluthi au sudusi ya duara na kubaki kama lilivyokuwa. Ukili umesukwa kwa chane zinazokwenda njia mbili tu zinazokatana. Njia mbili hazizai theluthi. Zinabaki aina 12, na ustadi wa mkono hauongezi hata moja.

Niliwahi kumwonyesha bibi mmoja upande wa Handeni nyota ya ncha sita niliyoichora, nikamwuliza kama angeweza kuisuka. Alikigeuza kile kikaratasi, akakigeuza tena.

"Nitakusukia, mwanangu, lakini itakuwa imevutika. Ukindu una njia mbili. Hii yako inataka tatu."

Kwa sentensi tatu alikuwa ameondoa zile tano.

Hiyo njia ya tatu ipo, ila inabidi uufuate mto. Mto Pangani unapita Korogwe, unashuka Hale penye mitambo ya umeme, kisha unaingia baharini kwenye mji wenye jina lake. Katika pwani hiyo wavuvi hutumia dema, mtego unaofumwa kwa fito nyembamba zilizopasuliwa. Fito za dema huenda pande tatu, kila moja ikiikata nyingine kwa nyuzi 60, na matundu yanayobaki ni ya pembe sita, yakizungukwa na pembetatu ndogo ndogo. Fito zinabanana zenyewe: kila upande unazizuia zile mbili nyingine zisiteleze. Maji yanapita, samaki wadogo wanapita, wakubwa wanabaki, na dema linavumilia mawimbi kwa fito chache. Nyota yangu ingepata nafasi pale, ingawa sijui mvuvi gani angeihitaji.

Pembe sita hizo Handeni wanazijua kwenye mizinga. Watu husema nyuki ni mhandisi, na hesabu ya kwanza ni rahisi kweli. Ili maumbo ya aina moja, yenye pande na pembe sawa, yafunike eneo bila kuacha pengo, pembe zinazokutana mahali pamoja lazima zijumlishe nyuzi 360. Pembetatu sita, miraba minne, au maumbo matatu ya pembe sita. Pembetano tatu zinaishia 324, na pengo la nyuzi 36 halizibiki. Hivyo yapo matatu tu, na kati ya hayo lenye pembe sita ndilo linalotumia nta kidogo zaidi kwa eneo lile lile. Swali gumu lilikuwa jingine: je, hakuna mchanganyiko wowote wa maumbo, hata yaliyopinda, unaoweza kulishinda? Mwandishi Varro wa Roma aliliandika wazo hilo karne ya kwanza kabla ya Kristo, na uthibitisho ulingoja hadi mwaka 1999, ulipotolewa na Mmarekani Thomas Hales. Mtu huyo huyo, mwaka mmoja kabla, alitangaza kuthibitisha dai la mwanafalaki Kepler la mwaka 1611 kuhusu namna bora ya kupanga mipira. Kwa maneno mengine, namna ambayo wauza machungwa wa kando ya barabara hupanga mafungu yao kila asubuhi.

Mkonge nao una namba zake. Mjerumani Hindorf aliuleta huku mwaka 1893, miche 1,000, ikafika hai 62, ikapandwa karibu na Pangani. Baadaye ukaenea hadi mashamba ya Korogwe. Majani yake hupanda kwa kuzunguka shina, na baada ya mizunguko mitano na majani 13, jani la 14 hukaa karibu juu ya lile la kwanza. Tano na 13 ni namba za Fibonacci, mfululizo ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, na hapo wapenda namba wenzangu hupandwa na mori. Mimi namba hizo zinanichosha kidogo. Kuna watu wanaoziona hata pasipo na kitu. Kwenye mkonge zipo kweli, na sababu yake haina muujiza: jani changa hujitokeza kwenye nafasi kubwa iliyoachwa na yaliyolitangulia.

Nyuki na mkonge nawastahi, lakini sehemu kubwa ya kazi yao inafanywa na nta, nafasi na msukumano. Msusi amebanwa na jiometri ile ile, kisha anabaki na aina zake 12 za kuchagua. Uchane unapokwisha lazima aunge mwingine, na pale pa kuungia anaweza kubadilisha rangi. Wakati wa kushona anaweza kuzikabilisha almasi za ukili mmoja na za jirani yake, au kuzipishanisha kwa nusu hatua, na mkeka ukahama aina nzima bila kusukwa upya.

Bibi yule wa nyota nilimkuta siku nyingine akifumua mshono wa mkeka uliokaribia kwisha. Almasi zilikuwa zimekabiliana sawasawa, hakuna hata moja iliyokosea. Nilimwuliza kuna kasoro gani.

"Hakuna kasoro. Nimezichoka."

Akausogeza ukili nusu hatua, akachukua sindano, akaanza kushona upya.